Lupango Yako na Moto wa Bonane

Tshangalele, Likasi
8 Desemba 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Huku ziwani sote tu wazima, mvua imeanza vizuri, na samaki wanapatikana ingawa bei yao sokoni Likasi haituridhishi.

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Umeniambia kuna kijana mwandaaji wa sherehe anayetaka umkodishie lupango (uwanja na nyumba zake) ya marehemu baba yako pale Kikula, usiku wa kuamkia Bonane, yaani Mwaka Mpya. Atafunga turubai uani, ataleta vyombo vya muziki, watu watalipa mlangoni, na ikifika saa sita usiku atarusha fataki atakazonunua Lubumbashi kwa wafanyabiashara wanaozipitisha mpakani Kasumbalesa. Faranga alizokuahidi ni nzuri na ada za shule za wadogo zako zinakungoja. Ukaniomba baraka. Halafu ukamalizia kwa kusema kwamba wewe huna la kuogopa, maana fataki si zako na atakayewasha ni yeye.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ningeweza kukupigia, lakini maneno ya simu hupita, na haya nataka uwe nayo mkononi siku utakapokaa mezani na kijana huyo.

Sheria ya nchi yetu haisemi unavyosema wewe. Mawakili wa Likasi na Lubumbashi wanapodai fidia mahakamani, wanashika amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ndiyo kitabu cha tatu cha kanuni zetu za madai. Angalia umri wake: ilipoandikwa, mfalme Msiri alikuwa bado anatawala Bunkeya, na Wazungu walikuwa hawajaishika Katanga. Serikali zimepita, majina ya nchi yamebadilika, amri hiyo imebaki. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ni lazima ailipe. Cha 259 kinaongeza kwamba hata uzembe na kukosa uangalifu ni kosa, si lazima uwe umekusudia. Kisha kinakuja cha 260, ambacho nakuomba ukisome polepole. Kinasema mtu hajibu kwa matendo yake tu. Anajibu pia kwa matendo ya watu walio chini ya dhamana yake, na kwa vitu alivyonavyo katika ulinzi wake. Baba anajibu kwa mtoto mdogo anayekaa naye, na mama pia baba akiwa amefariki. Bwana wa kazi anajibu kwa mfanyakazi wake akiwa kazini. Na kifungu cha 262 kinamgusa mwenye jengo moja kwa moja: jengo likianguka kwa sababu halikutunzwa, au kwa sababu lilijengwa vibaya, mwenyewe ndiye anayelipa.

Sasa weka vifungu hivyo juu ya lupango yako. Ukuta wa upande wa avenyu umepasuka tangu mvua za mwaka jana, ulinionyesha mwenyewe. Lango moja tu. Nyumba ya nyuma unakaa wewe, kwa hiyo funguo utakuwa nazo wewe. Wadogo zako watakuwepo, na petari, zile fataki ndogo za mlio, zikimwagwa mezani wao ndio watakaozichukua kwanza. Watu wakiuegemea ukuta huo ukawaangukia, jaji hatauliza fataki zilikuwa za nani. Atauliza ukuta ulikuwa wa nani, nani aliujua ubovu wake, nani aliwafungulia watu lango.

Usinijibu kwamba mtaandikiana mkataba. Andikianeni, ni vizuri, na ndani yake aseme kwamba hasara yoyote ni juu yake. Lakini karatasi hiyo inawafunga ninyi wawili tu. Mama ambaye mwanawe amepoteza jicho hakuitia sahihi. Atakushtaki wewe, na utakapokuwa umemlipa ndipo utaanza kumtafuta mwandaaji wako, kama atakuwa bado yuko Likasi. Tena hayo ni madai ya fedha tu. Upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 52, inamhesabu kuwa mkosaji mtu aliyesababisha kifo au jeraha kwa kutoona mbele na kutojihadhari, hata kama hakuwa na nia mbaya kabisa. Hapo ni gereza, na hakuna mkataba unaoweza kumpelekea mwenzako kifungo chako.

Unajua kazi niliyoifanya. Nilikuwa mtu wa baruti machimboni Kambove kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, mpaka tulipoachishwa pamoja na maelfu ya wenzetu mwaka 2003. Nyumbani sikupenda kuizungumzia, lakini leo itakufaa.

Asubuhi tulikwenda ghala la baruti na kitabu. Kila mshumaa wa baruti uliotoka uliandikwa, pamoja na jina la aliyeuchukua na mahali ulikokwenda. Viwashio vya kuilipua baruti vilibebwa na mtu mwingine, katika sanduku lingine, kwa njia nyingine; havikukutana na baruti mpaka kwenye tundu la mwamba. Kijiti cha kushindilia kilikuwa cha mti. Hakuna aliyethubutu kuingiza chuma mle, maana chuma kikigusa jiwe hutoa cheche. Kabla ya kulipua, king'ora kililia, na watu wenye bendera walisimama kwenye kila njia iendayo machimboni kuzuia hata mkubwa wa kazi asipite. Tulihesabu matundu kabla na tulihesabu milio baadaye. Tukiwa tumetia baruti matundu ishirini tukasikia milio kumi na tisa, hakuna aliyesogea. Tulingoja muda uliowekwa, halafu mtu mmoja mwenye ujuzi ndiye aliyekwenda kutazama lile lililobaki kimya. Jioni kilichobaki kilirudi ghalani, na kitabu kikafungwa kwa sahihi.

Ndani ya petari ya Bonane nako kuna baruti. Baruti nyeusi ya kale ni sehemu 75 za chumvi ya shura, 15 za mkaa na 10 za kiberiti cha unga, na hiyo ndiyo inayorusha fataki juu mpaka leo. Zile zinazopiga mlio mkali zina unga wa alumini, ambao huwaka kwa kasi na ukali zaidi. Hata vijiti vya cheche wanavyopewa watoto wa miaka minne wapunge vinawaka kwa joto linalopita digrii 1,000; shaba yetu huyeyuka kwenye digrii 1,085, kwa hiyo fikiria mkono wa mtoto. Na kwa kuwa nimetaja shaba, jua kwamba ile rangi ya buluu unayoiona angani hutokana nayo. Nyekundu hutoka kwenye strontiamu, kijani kwenye bariamu, buluu kwenye shaba. Ni kazi ya ustadi, naipenda, na sitaki ufikiri mzee anachukia furaha ya vijana.

Ninachokichukia ni moto usio na jina. Machimboni kila mshumaa ulikuwa na jina la mtu kitabuni, na tulikuwa watu wazima tuliofundishwa, mahali pasipo na umati, mchana. Usiku wa Bonane baruti inawashwa na kijana aliyekwisha kunywa, uani, kati ya watoto, chini ya turubai, na ikiharibika kila mtu anasema si yangu. Sheria zinazombana mwenye nyumba zimetungwa kwa ajili hiyo. Zinaliandika jina la mtu mmoja ambaye haiwezekani asijulikane, maana aliyerusha atakimbia lakini lupango haikimbii. Huenda unaona ni uonevu. Mimi naona ni haki, maana wewe ndiye mtu pekee ambaye angeweza kukataa kabla ya jambo kuanza.

Nikupe mfano wa majirani zetu, maana si mbali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2022, watu walijaa katika jengo la maduka la Freedom City, Namasuba, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe. Kulikuwa na tamasha la muziki la kufunga mwaka. Ilipofika saa sita, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje wakaone fataki. Wakatoka. Fataki zilipokwisha, watu wakasongamana kwenye njia nyembamba, wengine wakaanguka, wengine wakawapanda. Walikufa watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, kwa kukosa pumzi. Polisi wa Uganda walimkamata mwandaaji wa tamasha, naye akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uzembe.

Soma tena habari hiyo uone kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyeungua. Fataki zilipanda juu na kuzimika salama kabisa. Kilichoua ni njia: umati mkubwa kuhama wote kwa dakika moja, kutoka hapa kwenda pale, kupitia mahali padogo. Na Uganda si nchi isiyo na utaratibu. Kule kila mwisho wa mwaka mtu anayetaka kurusha fataki anaomba ruhusa kwa polisi, na polisi wanatangaza ni kumbi zipi zimekubaliwa. Kwa hiyo ruhusa hushughulikia baruti. Lakini lango, ukuta, giza na idadi ya watu ni mambo ya mwenye mahali. Abidjan ilikuwa vivyo hivyo. Alfajiri ya tarehe 1 Januari 2013 watu wapatao 60 walikufa katika msongamano karibu na uwanja wa Houphouët-Boigny, wakirudi nyumbani baada ya fataki za serikali yenyewe. Moto haukumgusa yeyote.

Ndiyo sababu nalifikiria lile lango lako la bati. Linafunguka kuelekea ndani. Watu mia mbili wakilikimbilia kwa pamoja, wa mbele watabanwa juu yake na wa nyuma, na hakuna nguvu ya mwanadamu itakayoweza kulivuta. Hata askari kumi wakiwa nje hawatasaidia. Halafu ukumbuke umeme. Unajua jinsi SNEL inavyokata bila kuaga. Ukikatika saa sita na dakika mbili, uani kwako patakuwa na umati gizani, harufu ya baruti, na mlango mmoja.

Wenzetu walioona mabaya zaidi walijifunza kumtazama mwenye jengo. Tarehe 20 Februari 2003, huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, bendi moja iliwasha cheche za jukwaani ndani ya klabu iliyoitwa The Station. Sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti ikashika moto, na watu 100 walikufa. Aliyewasha alikuwa meneja wa bendi, naye alikiri kosa akafungwa. Lakini wenye klabu, ndugu wawili, nao walisimama kizimbani, maana sponji ile waliiweka wao. Mmoja aliingia gerezani, mwingine akapewa adhabu ya nje. Hawakugusa kiberiti usiku ule.

Katika miji kadhaa ya California siku hizi wamefika mbali zaidi. Sheria ndogo za mji zinasema kwamba fataki za marufuku zikirushwa kwenye uwanja wako, wewe mwenye nyumba, au mpangaji anayeishi hapo, au aliyeandaa karamu, unaandikiwa faini, na haijalishi nani aliwasha. Polisi walikuwa wakifika wanakuta watu hamsini wenye mikono mifukoni na hakuna aliyeona kitu. Sasa hawana haja ya kumtafuta mwenye kiberiti. Kuna wanaolalamika kwamba mzee aliyelala chumbani anaadhibiwa kwa ukorofi wa wajukuu. Malalamiko hayo nayaheshimu, na sheria nzuri humwachia nafasi mtu aliyejitahidi kuzuia au aliyeita polisi mwenyewe. Ila wewe hutakuwa umelala. Wewe utakuwa mlangoni unahesabu faranga.

Na usifikiri cheo au kibali kinatosha. Beijing, tarehe 9 Februari 2009, televisheni ya taifa ya China, CCTV, ndiyo iliyoagiza fataki kubwa kwenye uwanja wa majengo yake mapya, bila kibali. Jengo refu ambalo lilikuwa halijafunguliwa likawaka kutoka juu, na mzimamoto mmoja akafa. Mkuu wa mradi wa ujenzi huo alifungwa miaka 7, na wengine pamoja naye. Huko Enschede, Uholanzi, ghala la fataki lilikuwa na leseni. Lakini lilihifadhi fataki nzito kuliko zile leseni ilizoruhusu, katikati ya nyumba za watu. Tarehe 13 Mei 2000 lililipuka, likaua watu 23 na kuubomoa mtaa mzima. Wakurugenzi wake wawili walihukumiwa kifungo.

Kenya wana Sheria ya Baruti, Sura ya 115, ambayo fataki zimo ndani yake. Wana pia sheria nyingine, Sura ya 34, inayomwekea mtu anayeshika mahali wajibu wa kuwalinda wageni wake kwa uangalifu wa kawaida. Tanzania, ikifika Desemba, makamanda wa polisi wa mikoa husimama na kuwaonya watu kuhusu fataki zisizo na kibali na matairi ya kuchoma barabarani. Zanzibar wao wamechagua njia ya kurusha mahali pamoja: usiku wa kuamkia Januari 12, Sikukuu ya Mapinduzi, fashfash hurushwa na serikali na watu wote huzitazama. Napenda njia hiyo. Mji mzima unapata rangi zake, na anayewajibika anajulikana.

Kwetu, wakuu wa mji na wa komini wana uwezo wa kutoa amri za polisi kwa ajili ya usalama wa watu. Kwa hiyo kabla hujapokea hata faranga moja, nenda ofisi ya bugumesta wa komini pale Kikula uulize kwa mdomo wako amri ya mwaka huu inasemaje kuhusu fataki, na kuhusu muziki wa usiku. Omba jibu kwa karatasi yenye mhuri. Usimtume mwandaaji. Karatasi ya sherehe anaweza kuipata bila kutaja fataki hata kidogo, nawe ukaionyesha siku ya mashtaka ukidhani inakukinga.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa umri wako hamlioni, na halimo katika kanuni yoyote niliyoitaja. Nilikuwa mtoto Septemba 1961 wakati wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walipozingirwa Likasi, mji ukiitwa bado Jadotville. Mlio wa bunduki za siku zile sijausahau. Mwaka 1992 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumba kwa nyumba, wakalala kwenye stesheni ya Likasi na vyombo vyao wakingoja treni. Wako waliorudi, na wengine ni majirani zako. Na sasa kuna familia zilizotoka Kivu, zilizokimbia baada ya waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025. Unamjua mama mpangaji wa lupango ya pili kutoka kwako; ulinisimulia mwenyewe kwamba mtoto wake huingia chini ya kitanda mlango ukibamizwa. Petari ya saa sita usiku, bila onyo, kwa mtoto huyo ni vita. Ukiamua chochote, mpitie mama huyo umwambie mapema siku na saa. Mpitie kila jirani. Hilo halihitaji mhuri.

Nirudi kwenye moto wenyewe, nikupe mfano wa huku ziwani. Baada ya Mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha na ziwa hili kutokea, wavuvi walijenga kambi zao ukingoni kwa matete na nyasi, na mpaka leo nyingi ziko hivyo, nyumba imegusana na nyumba, na kati yake vichanja vya kukaushia samaki vikitoa moshi mchana na usiku. Watu hawa wanaishi na moto kila saa, nao ndio wenye masharti makali kuliko mji wote. Mwenye kichanja halali kabla hajafunika makaa kwa udongo. Upepo ukigeuka, anayazima, hata kama samaki hawajakauka. Nyumba ya jirani ikishika kwa makaa yake, hakuna anayesema upepo ndio ulioyachukua: anayo deni la matete, la nyavu, la mtumbwi, na wazee wanakaa siku hiyohiyo kuligawanya. Sheria ya 1888 hawaijui. Lakini kifungu cha 260 wanacho, na wanakitekeleza bila wakili.

Kikula mna hatari ambayo kambi ya wavuvi haina. Pale kona ya avenyu yenu wanakaa kadhafi, wauza petroli wa barabarani, na chupa zao mezani, mpaka usiku wa manane siku za sikukuu. Fataki moja ikipanda upande upande badala ya kwenda juu, inafika pale. Kinyume chake kuna payoti ya kuuzia bia iliyoezekwa nyasi. Halafu maji: bomba lenu la REGIDESO hutoa maji saa ngapi? Usiniambie kuhusu gari la zimamoto. Moto wa turubai la plastiki hauchukui muda wa kumngojea mtu anayetoka mbali.

Basi uamuzi wangu ni huu. Sherehe ifanyike, sikatai. Vijana wacheze, wale, waukaribishe mwaka pamoja, nawe upate ada za shule. Fataki zisiingie katika lupango ile, si uani, si juu ya paa, si chini ya turubai, hata vijiti vya cheche. Iandikwe katika mkataba kwamba zikionekana, muziki unazimwa na fedha hazirudishwi. Ukuta uliopasuka uzungushiwe miti na kamba, mtu asifike karibu nao. Uvunje sehemu ya ukuta wa nyuma, ile iliyo upande wa njia ya miguu, uweke lango la pili lenye upana wa watu watatu, lifunguke kuelekea nje, na usiku huo lisifungwe kwa kufuli bali likae na mtu mzima asiyekunywa. Lango la mbele nalo fundi aligeuze bawaba. Hesabu watu wanaoingia, na ukifika idadi ambayo ua unaweza kuichukua bila kubanana, funga biashara hata kama foleni nje inakutukana. Mapipa mawili ya maji, mchanga kwenye ndoo, taa za betri kwenye kila kona kwa ajili ya SNEL. Gharama ya lango nitachangia mimi.

Kama mwandaaji anasema bila fataki hakuna Bonane, zipo njia. Akawaombe wakuu wa komini kiwanja kilicho wazi, mbali na nyumba, awape jina lake, alete mtu anayeijua kazi hiyo, watu wasimame mbali upande upepo unakotoka. Likasi si mji wa kukosa wajuzi wa baruti: kampuni ya baruti ya Afridex iko hapohapo, na wastaafu wa machimbo tungali hai. Akitaka, mimi nitakuja kumwonyesha umbali wa kuwaweka watu. Na fataki iliyokataa kulipuka isiguswe, isiinamiwe, isiwashwe mara ya pili. Ingojwe, imwagiwe maji mengi, izikwe. Macho mengi na vidole vingi vimepotea kwa mtu kurudi kutazama kwa nini imenyamaza.

Akikataa hayo yote, mrudishie fedha zake. Lupango ile baba yako aliinunua kwa mshahara wa miaka mingi, na kesi moja ya fidia inaweza kuila yote, nyumba ya mbele na ya nyuma, mkabaki wewe na wadogo zako barabarani. Ada za shule tutazitafuta kwa samaki.

Usitie sahihi popote kabla ya Jumapili. Mlete kijana huyo huku Tshangalele baada ya misa, aje na mkataba wake, nami nitaongea naye kama mjukuu wangu mwingine. Nkambo wako mwanamke atawapikia. Na wewe njoo na kipimo cha lango na cha ua, kwa mita, usikadirie kwa macho.

Wasalimie wadogo zako wote, na yule mama jirani.

Ni mimi nkambo wako akupendaye.